Mizani si munganga: pima kilo mara moja kwa mwezi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza nyumba, leo tuzungumze juu ya kilo. Siku hizi watu wengi wana mizani ndogo chini ya kitanda. Asiye na yake anakwenda kwa kijana wa soko, anatoa franka, anapanda. Asubuhi anapima, akitoka kazini anapima, kabla ya kulala anapima tena. Sindano ikipanda nusu kilo anafurahi. Ikishuka nusu kilo hapati usingizi, anaanza kuuliza ni ugonjwa gani umemwingia. Mimi nasema wazi: desturi hiyo haifai, na kwa mtu wa mgodi inaweza kuleta ajali. Soma mpaka mwisho, utaona kwa nini.

Sindano inapima nini?

Wengi wanafikiri mizani inaonyesha mafuta na nyama ya mwili. Si hivyo. Mizani inapima kila kitu kilicho juu yake: mifupa, damu, bukari uliyokula, maji uliyokunywa, mkojo ambao bado hujautoa, na viatu vyako vya kazi pamoja na tope lake.

Tufanye hesabu. Litra moja ya maji ni kilo moja. Mtu anayefanya kazi nzito penye joto anaweza kutoa jasho la litra moja kwa saa, hata zaidi. Basi ukipima kabla ya zamu na ukapima tena baada yake, unaweza kukuta kilo moja au mbili zimepotea. Je, umekonda? Hapana. Umekauka, na unahitaji kunywa maji. Kesho yake bibi anapika samaki wa chumvi kutoka Bukama, unakula vizuri, unakunywa maji mengi. Chumvi inazuia maji mwilini, na sindano inapanda kilo moja. Je, umenenepa? Hapana. Ni maji tu, yatatoka. Wamama nao wanajua kwamba siku chache kabla ya damu ya mwezi mwili unavimba kidogo, kisha unarudi.

Na mafuta ya kweli? Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba nguvu ya kilokalori karibu 7,000. Kilo moja ya unga wa mahindi ina karibu 3,600. Maana yake, ili uongeze kilo moja ya mafuta kwa usiku mmoja, ingepasa ule unga karibu kilo mbili zaidi ya chakula chako cha kila siku. Nani anaweza? Kwa hiyo mambo unayoyaona kwenye mizani leo na kesho karibu yote ni maji na chakula kinachopita. Mwili wa mtu mzima unapanda na kushuka kilo moja au mbili kila siku, na hiyo ni afya.

Tena kuna mizani yenyewe. Kila aliyeuza mahindi anajua kwamba mizani ikiwekwa mahali pasipo sawa inasema uongo. Ya nyumbani imekaa kwenye udongo, ya soko imekaa kwenye mchanga, ya dispanseri imekaa kwenye simenti. Ukipima kwenye zote tatu siku moja utapata hesabu tatu, na mwili wako ni ule ule.

Hofu hii ilitoka wapi?

Tusiwacheke ndugu zetu. Hofu ya kilo ina mizizi. Zamani za ukoloni, Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuja kutafuta watu wa kazi mpaka huku kwetu Lomami. Kabla ya kuingizwa kazini walipimwa afya, na kilo zao pia. Kwa mwenye kuajiri, kilo zilikuwa hesabu ya nguvu ya mikono. Mtu mwembamba aliogopa kurudishwa kijijini. Hofu hiyo ilibaki katika nyumba nyingi. Mpaka leo kuna watu wanaokunywa maji tele kabla ya kupimwa na munganga, ili sindano ipande.

Kisha ukaja ugonjwa wa Sida. Watu wakazoea kumtazama kila aliyekonda kwa jicho baya. Hata salamu zetu zimeharibika. Ndugu anashuka kwenye treni hapa Kamina baada ya miezi mingi kule Kolwezi au Likasi, na neno la kwanza analosikia ni: “Umekonda sana, ni nini?” Mtu huyo atalala namna gani? Kesho asubuhi atatafuta mizani.

Lakini mizani haijui Sida. Mtu anaweza kuwa na virusi na mwili wake ukawa mnene. Na aliye na virusi akimeza dawa zake kila siku, anaishi miaka mingi, anafanya kazi na anazaa. Ukiwa na mashaka, kinachojibu ni kipimo cha damu.

Hatari ya kweli: vidonge vya kunenepesha

Mizani inapenda kwenda pamoja na vidonge. Anayepima kila siku haridhiki kutazama tu, anataka sindano imtii. Basi anakwenda sokoni kununua vidonge vya kunenepesha, au rafiki anamgawia. Wengine wanataka kukonda, nao wanameza dawa ya kukojoza au ya kuharisha. Bwana anafanya hivyo ili aonekane mtu mwenye cheo, bibi anafanya hivyo ili asifiwe.

Katika vidonge vya kunenepesha kuna aina mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni siproheptadini. Hii ni dawa ya mzio, yaani ya mwili unaowasha na pua inayotiririka. Inaleta njaa, ni kweli, lakini inaleta pia usingizi. Sasa fikiri: dereva wa kamyo amemeza usiku, asubuhi anapanda kamyo yake yenye mzigo. Au mtu wa zamu ya usiku yuko karibu na ukanda unaozunguka, macho yanafunga. Mgodini, kusinzia kwa dakika moja kunatosha kukata mkono, au kumwua mwenzako ambaye hakumeza kitu. Ndiyo maana habari hii imewekwa kwenye ukurasa wa usalama.

Ya pili ni deksametazoni. Ni dawa kubwa, munganga anaitoa kwa ugonjwa mkali na kwa siku zilizohesabiwa. Ukiimeza bila ruhusa, inazuia maji, uso unakuwa mviringo, na watu wanasema umependeza. Ndani ya mwili sukari inapanda, mkazo wa damu unapanda, mifupa inalegea, na ulinzi wa mwili unashuka. Kwa sisi tunaovuta vumbi la mawe, hilo la mwisho ni baya sana. Vumbi hilo linaharibu mapafu na kuita kifua kikuu, na deksametazoni inakifungulia mlango. Neno moja la lazima: kama umeimeza kwa majuma mengi, usiiache kwa ghafla, maana mwili unaweza kuanguka. Njoo dispanseri, useme ukweli, tutakupunguzia pole pole. Hakuna atakayekugombeza.

Nani apimwe mara nyingi?

Sisemi mizani itupwe. Kuna watu ambao kilo zao ni habari kubwa.

Mtoto aliye chini ya miaka mitano apelekwe kupimwa kila mwezi. Munganga Mwingereza David Morley, alipofanya kazi Nigeria katika miaka ya 1950 na 1960, alionyesha faida ya kuandika kilo za mtoto kwenye karti yenye mstari, na karti ya namna hiyo imeenea dunia nzima. Lakini tazama vizuri: hata kwa mtoto, hesabu ya siku moja si kitu. Tunatazama mstari. Mstari ukipanda mwezi kwa mwezi, mtoto anakua. Ukilala au ukishuka, tunatafuta sababu.

Mama mwenye mimba apimwe kila anapokuja kwa munganga. Mgonjwa wa kifua kikuu apimwe, kwa sababu dawa zake zinafuata kilo zake. Na mgonjwa wa moyo ambaye munganga amemwambia apime kila asubuhi, afuate neno hilo asiliache, maana kwake kilo zikipanda upesi ni maji yanayojaa mwilini.

Wengine wote, mara moja kwa mwezi inatosha.

Namna ya kuacha

Desturi haiondoki kwa kugombezwa, inaondoka kwa kupangwa. Fanya hivi.

Kwanza, toa mizani chumbani. Mpe jirani akutunzie, au ifunge juu ya kabati. Jicho lisipoiona, mguu hautaitafuta.

Pili, chagua siku moja ya mwezi, kwa mfano siku inayofuata mshahara. Pima asubuhi ukiisha kwenda msalani, kabla ya kula, bila viatu, kwenye mizani ile ile. Andika katika kaye, funga kaye, ngoja mwezi ujao.

Tatu, jua nafasi yako. Mtu mzima mwenye urefu wa metre 1.70 yuko sawa kutoka kilo 54 mpaka kilo 72. Hiyo ni nafasi ya kilo 18! Ukiwa ndani yake, kwa nini ugombane na nusu kilo?

Nne, hamu ya kupima ikikushika katikati ya mwezi, jiulize maswali haya badala ya kupanda: Nimelala vizuri? Ninakula kwa hamu? Ninapanda ngazi bila kuhema kupita jana? Mkojo wangu ni mweupe, au ni wa njano nzito unaonidai maji? Mkanda wa suruali bado unafunga kwenye tundu lile lile? Majibu hayo yanakuambia mengi kuliko sindano.

Tano, tusaidiane. Ukikutana na mwenzako, muulize habari ya nyumbani, muulize habari ya watoto, usimpime kwa macho. Na mbele ya binti zetu tusiwe na mazoea ya kusema fulani amenenepa, fulani amekonda. Mtoto anayesikia hayo kila siku atakua akiogopa sahani.

Na ikiwa umejaribu haya yote, bado fikira za kilo zinakufuata usiku na mchana, zinakuzuia kula au kulala, jua kwamba hilo nalo ni ugonjwa. Halina haya. Njoo tuzungumze.

Wakati wa kuja upesi

Mwisho, shika alama hizi. Kama kilo zako zimeshuka zaidi ya sehemu 5 kwa 100 katika miezi sita mpaka kumi na miwili, na wewe hukutaka, njoo. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama kilo tatu na nusu. Kama unakohoa majuma mawili au zaidi, unatoka jasho usiku, una homa na unakonda, usingoje kaye, njoo leo. Kama unakunywa maji bila kushiba, unakojoa mara nyingi na unakonda, njoo tupime sukari.

Unaona, kwa mambo hayo hakuna hata moja linalohitaji kupanda mizani mara tatu kwa siku. Yanahitaji kaye yenye mstari mmoja kila mwezi, na mtu anayesikiliza mwili wake. Anza mwezi huu. Na vidonge kama vimo nyumbani, vilete dispanseri kabla ya zamu yako ijayo.

Munganga wa dispanseri, Kamina