Kahawa Ikipoa Haifi

Mjomba wangu, mzee wa Mji wa Kale ambaye amekunywa kahawa tungu barazani umri wake wote, alinijia hapa Kitui mwezi wa Februari, wakati ambapo jua la Ukambani huchoma kama jiko la makaa. Nilimkaribisha ukumbini, nikamwekea mbele glasi ya kahawa nyeusi yenye harufu ya iliki, na mapande ya barafu yakielea juu. Aliitazama, akaisogeza kando kwa kidole kimoja, akasema: "Mwanangu, kahawa ikipoa imekufa. Nipe maji."

Nilimpa maji. Lakini neno lake limenikaa moyoni, na leo, ndugu msomaji, naomba nafasi ya kumjibu kwa adabu, kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye rai hiyo. Wako wazee wetu wengi Mombasa, Lamu na Malindi wanaoiona kahawa ya barafu kuwa ni mchezo wa vijana wenye fedha za kuchezea. Na wako vijana nao wanaoamini kwamba kinywaji hicho hakipatikani ila katika mikahawa mikubwa ya mjini, ambako glasi moja hulipiwa fedha ambazo zingetosha kuwanywesha watu wote wa nyumba. Naona pande zote mbili zimekosea.

Tuanze na wazee. Ikiwa kosa la kahawa hii ni ugeni, basi tukumbuke kwamba kahawa ya moto nayo ilikuwa ugeni siku zake. Walioieneza ni masufi wa Yemen katika karne ya 15, waliokuwa wakiinywa ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, na marufuku yake haikudumu. Ama kahawa ya baridi, kuna kinywaji cha namna hiyo kiitwacho mazagran, na jina hilo ni la mji ulioko Algeria, nchi ya Waislamu kama sisi. Tena nani asiyejua kwamba ladha tunazozisifu, iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi, zimo katika madele yetu tangu zamani? Anayeuza mjini "kahawa yenye ladha" anatuuzia jambo ambalo bibi zetu walilijua.

Sasa nije huku ninakokaa. Kati ya Pwani na Ukambani pana udugu wa zamani. Katika karne ya 19 Wakamba walishuka Mombasa na misafara ya pembe za ndovu, na misafara ya Kivoi, tajiri mashuhuri wa Kitui aliyefariki mwaka 1851, ilijulikana huko. Kahawa nayo ilipita njia hiyo hiyo, ila ilipanda badala ya kushuka. Katika miaka ya 1890 wamishenari wa Kiskochi waliokuwa Kibwezi, ambayo leo imo katika Makueni, walipanda buni iliyoletwa kutoka Aden. Yaani mbegu ya kwao Waarabu, iliyovuka bahari ile ile waliyoivuka wengi wa babu zetu, ilitiwa katika udongo wa Makueni kabla reli haijafika huko!

Lakini mwenye udongo hakuruhusiwa kuipanda. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulima kahawa. Ruhusa ilianza kutolewa kwa uchache katika miaka ya 1930 huko Meru, Embu na Kisii, na Ukambani ikapata nafasi yake katika miaka ya 1950. Leo mibuni imo katika milima ya Mbooni na Kilungu, na sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya husafirishwa kwenda kunywewa ng'ambo.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Nilikwenda Kilungu kumzuru rafiki yangu, na mama yake, mkulima wa mibuni tangu ujana wake, akatuandalia chai ya maziwa. Nilipomwuliza kuhusu kahawa alicheka: "Kahawa ni ya kuuza, mwalimu. Chai ndiyo ya kunywa." Nilikuwa nimechukua chupa ya kahawa baridi iliyotiwa asali ya Kitui. Nikammiminia kikombe. Alikunywa taratibu, akanyamaza, kisha akauliza: "Hii ndiyo ile yetu?" Sikuwa na la kumjibu. Mtu amechuma buni miaka arobaini, na ladha yake anaijulishwa na mgeni wa Pwani!

Kwa hiyo, wewe ambaye hujapata kuitengeneza, fuata haya. Hakuna mashine hata moja inayohitajika.

Njia ya kwanza ni ya kuchemsha. Tia vikombe viwili vya maji katika dele au sufuria, pamoja na punje nne za iliki zilizopondwa, kijiti cha mdalasini na kipande cha tangawizi. Yakichemka, tia vijiko vikubwa sita vya kahawa iliyosagwa, uache ichemke dakika mbili au tatu. Epua, ituame, kisha uichuje kwa kitambaa safi. Usishangae kuwa ni nzito. Barafu ikiyeyuka itaipunguza nguvu. Kosa la wanaoanza ni kuchukua kahawa ya kawaida na kuitilia barafu, kisha wakalalamika kwamba wanakunywa maji ya rangi.

Njia ya pili ni ya kuroweka, nayo inamfaa mwenye subira. Chukua gramu 100 za kahawa iliyosagwa chenga, si unga laini, uiroweke katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Funika, uiache ndani ya friji saa 12 hadi 16, kisha uchuje. Kahawa hii huwa laini, haina ukali mwingi, na hukaa katika friji siku tatu au nne. Anayeiona nzito aizimue kwa maji au maziwa.

Utamu una siri yake. Sukari haiyeyuki vyema katika kitu baridi; huzama chini ikakusubiri huko. Pika shira kama ile ya kaimati: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, na iliki kidogo, dakika chache tu. Asali nayo iyeyushe kwanza katika maji ya uvuguvugu. Ukipata asali ya Kitui, hutaitaka sukari tena.

Wapenda uchachu wajaribu ukwaju, ambao Ukambani unaota hata porini. Uroweke, uukamue, uuchuje, upike maji yake na sukari mpaka yawe shira, kisha tia kijiko kimoja au viwili katika kahawa nyeusi yenye barafu. Mchana wa joto sijui kinywaji kinachouondoa uchovu upesi kuliko hicho. Ila usichanganye ukwaju na maziwa, yatakatika. Hata tangawizi mbichi huyakata maziwa, ichemshe kwanza. Na mwenye kutaka tui atie tui jepesi, kwa sababu lile zito likipata baridi mafuta yake huganda na kuelea.

Nisisahau barafu yenyewe. Barafu ni maji, na maji machafu hayatakasiki kwa kuganda. Huku kwetu, ambako maji mengine huchimbwa katika mchanga wa mito iliyokauka, lazima yachemshwe kabla ya kugandishwa. Ukitaka kufanya vizuri zaidi, gandisha kahawa yenyewe. Barafu hiyo ikiyeyuka huongeza ladha badala ya kuipunguza. Na asiye na friji asikate tamaa. Achemshe kahawa yake bila maziwa, aitie katika chupa safi yenye kifuniko, aifunge kitambaa kilichotota, aiweke kivulini penye upepo karibu na mtungi. Haitakuwa na barafu, lakini itapoa vya kutosha kumfurahisha mtu aliyetoka shambani. Aimalize siku hiyo hiyo.

Na mwezi wa Ramadhani, nashauri tufuturu kwa tende na maji kwanza. Kahawa ya baridi ije baadaye, kwa kiasi, isije ikamnyima mtu usingizi baada ya tarawehe.

Mtu ataniuliza: haya yote kwa ajili ya glasi moja ya kahawa? Ndiyo. Maana kila nyumba ya Mombasa au Kitui inayonunua robo kilo ya kahawa ya milima yetu na kuitengeneza yenyewe, imempa mkulima wa Kilungu mnunuzi wa karibu, asiyehitaji meli. Pia imemwondolea aibu ile ya kulima kitu asichokijua. Sisi watu wa Pwani, tuliorithi dele na buli, hatuna udhuru wa kuwaachia wengine kazi ya kuwafundisha jirani zetu kunywa cha kwao.

Simwambii mjomba aache kahawa tungu. Abaki nayo barazani jioni, na kashata yake mkononi, muuza kahawa akigonganisha vikombe. Lakini saa nane za mchana, jua likiwa utosini na mgeni amefika ametoka jasho, kahawa ya moto humpa adhabu na ya barafu humpa faraja. Aliporudi Mombasa nilimfungia nusu kilo ya kahawa ya Mbooni na chupa ya asali. Juzi amenipigia simu. Hakusema kwamba nilikuwa na haki. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, yale maji ya kuroweka yawe lita ngapi.