Kulipia Kiti Mara Mbili

Wako wasemao kwamba atakaye raha na alipe, na asiyetaka aketi po pote atakapowekwa. Hiyo, wasema, ndiyo haki ya soko. Sikubaliani nao, na hoja yangu naitoa katika stendi ya Singida.

Msafiri aendaye Dar es Salaam hufika kwa karani wa basi, akaonyeshwa mchoro wa viti, akachagua. Mjuzi huchagua upande wa kulia, maana asubuhi, mpaka kufikia Manyoni, njia yaelekea kusini na jua la mashariki huwachoma walio kushoto. Ujuzi huo haulipiwi hata senti; aliyewahi ndiye apataye. Mama mwenye mtoto naye hukatiwa viti viwili vya pamoja, wala hapana aonaye ajabu.

Mashirika mengi ya ndege yameugeuza uchaguzi huo kuwa bidhaa. Nauli imekwisha lipwa, na kiti hakina budi kuwapo, kwani hakuna abiria asimamaye angani. Kinachouzwa basi ni hofu ya kutenganishwa na mwenzio. Mrefu wa miguu alipie nafasi ya kunyosha goti, simlaumu: amenunua kitu. Msafiri wa peke yake na angoje saa 24 za mwisho, ambapo mashirika mengi hugawa viti pasipo ada. Na mzazi je? Kanada ilikata shauri mwaka 2019: mtoto aliye chini ya miaka 5 aketi kando ya mzazi wake bila malipo ya ziada. Sharti kama hilo nataka liandikwe katika kila tiketi ya ndege iuzwayo nchini mwetu.