Kicheko mbele ya mkuki
Wiki hii nimefungua tena Knights of the Kitchen Table, kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Time Warp Trio, alichokitoa Jon Scieszka mwaka 1991, na kilichonishika ni pale hadithi inapoanzia: watoto watatu wa Brooklyn, Joe, Fred na Sam, waliojikuta katika zama za Mfalme Arthur, wamesimama mbele ya askari mpanda farasi mwenye deraya nyeusi, huku wao wamevaa nguo zao za kila siku na hawajui waseme nini. Kicheko kinatoka hapo hapo, kwenye kutojua kwao, na historia inapenyea mlango huo huo: msomaji anataka kujua chuma kile kina uzito gani, aliyekivaa anaona wapi, anatii amri ya nani. Wapo watakaosema Mfalme Arthur ni ngano, na kwamba mzaha humzoesha mtoto kuyachukulia ya kale kijuujuu. La ngano ni kweli. Humo mna jitu na joka, na watoto wanaokoka kwa kuyapambanisha. Lakini anayeuliza, hata akikosea, husahihishika, aliyechoka hafundishiki. Mwalimu hapati taabu kumtenganishia ngano na ukweli mtoto aliyekwisha kuzipenda zama zile, na Scieszka mwenyewe amewahi kufundisha shule ya msingi. Kinachoua historia darasani ni orodha ya tarehe isiyo na mtu mwenye njaa wala hofu ndani yake, na vitabu vya namna hiyo ndivyo vya kuondolewa mezani kwanza, kabla ya kumlaumu mwandishi anayechekesha.