Mtoto Apigaye Ukelele Usiku

Mama mmoja ametuletea barua kutoka shamba, na kwa kuwa aliyoyauliza twayasikia mlangoni pa madrasa mara nyingi, tumeonelea tumjibu hapa ili na wengine wanufaike. Asema binti yake wa miaka mitano hulala mapema, kisha kiasi cha saa nne au saa tano za usiku huinuka ghafla na kupiga ukelele. Macho kayakodoa, moyo wamwenda mbio, jasho lamtoka, na akiitwa haitiki wala hamtambui mamaye. Baada ya dakika chache hulala tena kama kwamba halikuwa jambo, na asubuhi akiulizwa hana alijualo. Baba mtu amekata shauri ya kuwa mtoto kaingiwa na jini, na zile fedha zilizowekwa za sare ya skuli ataka kuzipeleka kwa mganga. Mama auliza: nimwache?

Twamjibu: asimwache. Walakini jibu la neno moja halitoshi mbele ya mume, kwa hivyo tutaeleza yaliyokwisha kujulikana katika elimu ya usingizi, naye ampe ayasome.

Kwanza yapasa tufahamu ya kuwa majumbani mwetu mambo matatu yaliyo mbalimbali huchanganywa yakaitwa jambo moja. Yuko aotaye ndoto ya kutisha akaamka na khofu, naye aikumbuka ndoto yake tangu mwanzo. Yuko awewesekaye, akapiga kelele na kutapatapa hali amelala bado, kama binti huyu. Na yuko akabwaye na jinamizi: macho yamefumbuka, chumba akiona, lakini hawezi kuinua hata kidole, na kifua chake kama kimekaliwa na mtu. Kila moja katika haya lina wakati wake na sababu yake.

Zamani watu, hata matabibu, wakidhani usingizi ni kama taa iliyozimwa. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, katika Chuo Kikuu cha Chicago huko Marekani, walitangaza jambo lililoigeuza dhana hiyo. Aserinsky alikuwa akiwafunga waliolala nyuzi za umeme kichwani na kando ya macho, na miongoni mwa wa kwanza kuwajaribia alikuwa mwanawe mwenyewe, mtoto wa miaka minane. Akaona kwamba kwa nyakati maalumu za usiku macho ya mtu, nayo yamefumbwa, huenda mbio huku na huku, na ubongo wake hufanya kazi karibu sawa na wa aliye macho. Walioamshwa nyakati hizo, wengi wao walisema walikuwa katika ndoto.

Usingizi basi huenda kwa duru. Kila duru huchukua kiasi cha dakika 90, na kwa usiku mmoja mtu hupita duru nne au tano. Mwanzo wa usiku sehemu kubwa ni usingizi mzito, ambao hata ukimwita mtu hakusikii. Kadiri alfajiri inavyokaribia usingizi mzito hupungua, na ule wa macho kwenda mbio hurefuka. Na katika usingizi huu wa pili Mola ameweka kinga: viungo hulegezwa, ili mtu aotaye kuwa akimbia asije akainuka akakimbia kweli na kujigonga ukutani.

Sasa turudi kwa binti. Yeye hupiga kelele mapema usiku, kiasi cha saa mbili baada ya kulala, ndani ya usingizi mzito. Nusu ya ubongo wake imeamka na nusu imelala. Haoti, na ndiyo maana asubuhi hana la kusimulia. Watoto wengi hupatwa na hali hii, khasa wakiwa na homa, au wakichoka mno, au wakikosa usingizi wa kutosha, na walio wengi huachana nayo kabla ya kubaleghe. Tena hurithiwa. Baba mtu na amwulize mama yake mwenyewe yeye alikuwaje alipokuwa mdogo. Huenda akasikia khabari itakayompunguzia haraka ya kwenda kwa mganga.

Mama, asimtikise wala asimpige makofi kumwamsha. Akae karibu naye asije akaanguka, amsomee aya atakazo kwa sauti ndogo, angoje. Amlaze mapema zaidi kuliko sasa. Na ikiwa ukelele huja saa ile ile kila usiku, na amwamshe kwa upole kiasi cha robo saa kabla yake, kisha amwache alale tena. Afanye hivyo kwa majuma mawili au matatu. Wengi wamefaidika kwa njia hiyo. Lakini akiona mtoto akakamaa viungo, au atoka povu, au huacha kupumua kidogo katikati ya mkoromo, hapo asingoje duru wala saa; ampeleke hospitali.

Jinamizi ni kinyume cha hali hii. Hapo akili imetangulia kuamka na lile komeo la viungo halijafunguliwa, na mabaki ya ndoto yangalimo machoni, mtu akaona kivuli pembeni mwa chumba. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliandikia jambo hili sura katika kitabu chake cha Qanuni, akalitafutia sababu katika mwili, akisema ni mvuke upandao kichwani. Mvuke ule leo hatuufuati, lakini twaona fahari kwamba tabibu wa Kiislamu aliliweka jambo hili katika kitabu cha tiba. Sisi wa pwani tungalikumbuka hayo mwaka 1995, khabari za Popobawa zilipotoka Pemba zikaingia Unguja. Wakati ule tulikuwa vijana, tukilala nje makundi makundi kwa khofu, na kila aliyekabwa na jinamizi alikuwa shahidi mpya. Baadhi ya waliochunguza khabari ile wamesema mengi katika yaliyosimuliwa yafanana mno na jinamizi. Na mjini Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Jinamizi hupita lenyewe kwa dakika chache. Yule masikini hakurudi.

Tumefika kwenye ndoto za kutisha zenyewe, na hapa tuna deni la kulipa.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mwanafunzi wa kiasi cha miaka tisa, akilelewa na bibi yake. Alikuwa hodari wa kuhifadhi, kisha akaharibika ghafla. Akija chuoni akisinzia juu ya msahafu, nasi tukimtia bakora. Tulimtia mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Siku moja bibi yule akaja akasimama mlangoni. Tulimwamkia, akaitika marahaba, kisha akatwambia: "Maalim, wampiga mjukuu wangu kwa kulala, naye usiku halali. Hukaa kitako mpaka jogoo awike, kwa kuogopa akilala ataota."

Baba wa mtoto alikuwa mvuvi. Alitoka na ngalawa wakati wa kusi, hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Mtoto alikuwa akiota, karibu na alfajiri, kwamba baba yake amesimama nje, maji yanamchuruzika, abisha mlango, naye mtoto mkono haumwinuki kufungua komeo. Tulimkalisha peke yake tukamwuliza kwa upole. Alinyamaza sana, kisha akauliza: "Maalim, asiyekuwa na kaburi hubanwa na bahari?"

Swali hilo tulilipika sisi wenyewe. Masomo yetu ya baada ya magharibi, kwa majuma kadha, yalikuwa ya adhabu ya kaburi, nayo tuliyasomesha kwa sauti kubwa na vitisho, ili watoto watulie. Kisha wakenda kulala. Nasi tukijua, kama ajuavyo kila aliyesoma, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alimhesabu aliyekufa maji kuwa miongoni mwa mashahidi. Tulilijua jambo hilo kwa miaka mingi, wala halikutupitia moyoni kumwambia mtoto wa mvuvi aliyezama.

Wenye elimu ya ubongo wasema kwamba katika usingizi wa ndoto sehemu ndogo ya ubongo, iliyo mfano wa lozi, ambayo kazi yake ni kuonya juu ya hatari, hufanya kazi kwa nguvu, na sehemu ya mbele, ipimayo mambo kwa busara, huwa imepumzika. Khofu yapiga kelele na mzee wa nyumba hayupo. Mwaka 2007 Ross Levin na Tore Nielsen walieleza kuwa kazi mojawapo ya ndoto ni kuivunja khofu vipande vipande na kuichanganya na mambo mengine yasiyo na madhara, mpaka ukali wake upungue. Sisi twaona ni kama pilipili katika chungu cha mchuzi. Pilipili ikiwa nyingi kuliko mchuzi, mlaji huinuka kabla ya kumaliza. Na muotaji huamka kwa kishindo, kazi haikwisha, kesho khofu ile ile yarudi. Msiba, vita, kupigwa, ugomvi wa wazazi usiku, na masimulizi ya kutisha kabla ya kulala, yote huzidisha pilipili. Kadhalika homa, na dawa nyingine: meflokwini ya malaria, efavirenzi, na baadhi ya dawa za shindikizo la damu. Atumiaye dawa hizo asiziache kwa shauri lake. Amweleze daktari wake. Wala watu wazima wasione haya, kwani kiasi cha wawili mpaka sita katika kila 100 hupatwa na ndoto hizi kila juma.

Wako watakaotwambia: ndoto mbaya hutoka kwa Shetani, elimu hii yote ya nini? Twajibu kwamba Mtume (S.A.W.) alizigawa ndoto mafungu matatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa Shetani, na yale ambayo nafsi ya mtu huzungumza yenyewe. Fungu la tatu ndilo wachunguzalo hawa. Na aliyeota ndoto mbaya alimfundisha atake hifadhi kwa Mungu, ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, ageuke ubavu mwingine, na asiitangaze. Mafunzo hayo tuliyafundisha kwa yule mtoto kwanza, nayo yalimsaidia kurudi kulala. Lakini usiku wa pili ndoto ilikuja vile vile.

Hapo ndipo tulipopata kujua, kwa daktari mmoja tuliyemwendea, dawa isiyonunuliwa. Mtu huichukua ndoto yake mchana, hali yu macho, akaubadili mwisho wake vyovyote apendavyo, kisha akaipitisha moyoni ndoto hiyo mpya kwa dakika 10 au 20 kila siku. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenziwe wa Marekani waliieleza baada ya kuijaribu kwa wanawake 168 waliokuwa wamedhulumiwa miili yao. Waliofundishwa, ndoto zao mbaya zilipungua kuliko za wale waliokuwa bado wangoja zamu. Mwaka 2022 huko Geneva, Uswisi, wagonjwa 36 walifundishwa njia hiyo, na nusu yao wakaongezewa sauti moja ya kinanda, waisikie wakati wa kuipitisha ndoto mpya na tena wakiwa usingizini. Hao walipona zaidi. Sisi kinanda hatuna, tuliishia kwenye ile ya kwanza.

Ama katazo la kusimulia ndoto mbaya, tulivyofahamu sisi, na Mungu ndiye ajuaye, ni kuitangaza kwa watu na kuitafutia tafsiri. Kumweleza mlezi au tabibu maradhi yako si kutangaza. Na asiyetaka kusimulia halazimiki. Kazi hii aweza kuifanya moyoni mwake peke yake.

Tulimwambia kwanza khabari ya mashahidi. Alitutazama kama tuliyemficha kitu, na kweli tulimficha. Kisha tukamwuliza, angependa mlango ufunguke vipi? Akasema komeo liwe jepesi, baba aingie, apewe kikoi kikavu, anywe chai. Basi kila siku baada ya alasiri alikuwa akikaa chini ya mwembe akiipitisha. Majuma mawili ya kwanza hatukuona kitu. Katika la tatu bibi yake alitwambia kwamba mtoto amelala usiku tatu mfululizo. Ndoto haikumtoka kabisa. Ilimrudia mara mojamoja, khasa upepo ulipovuma sana, lakini haikumkalisha tena kitako. Bakora zile hatuwezi kuzirudisha, nasi tulimwomba radhi mbele ya wenziwe. Somo la kaburi tungali twalisomesha, maana ni katika dini, ila tumelihamishia asubuhi ya Jumamosi, na rehema ya Mungu twaisomesha siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo, mama mpenzi, fedha za sare zikae mahali pake. Binti yako hahitaji hata kubadili ndoto, maana haoti. Andika katika karatasi saa anayolala na saa anayopiga ukelele, kwa usiku 14, kisha utuletee khabari. Barua ya yule kijana wa skuli aulizaye sababu ya mtu kuota ameanguka katika mtihani tumeipata pia, na tutaijibu mwezi ujao inshallah.