Karatasi ya mambo 29

Juma hili tuongee juu ya karatasi moja ambayo OMS iliitoa mwaka 2015 kwa vituo vinavyozalisha. Ina mambo 29. Mkunga anasimama mara 4 kuyaangalia: mama anapopokelewa, anapokaribia kusukuma, ndani ya saa moja baada ya kuzaa, na kabla ya kurudi nyumbani. Mikono imenawiwa? Sindano ya kuzuia damu iko tayari?

Wengine wanasema mkunga mwenye diploma hahitaji karatasi. Na walimu je? Tunalijua somo, lakini tunaingia darasani na fishi. Usiku, mkunga yuko peke yake na wamama watatu, kusahau ni rahisi.

Lakini tusidanganyane. Kule Uttar Pradesh, India, vituo 60 vilipewa karatasi hiyo pamoja na watu wa kuwashauri wakunga. Matokeo ya 2017: kazi ilifanyika vizuri zaidi, ila vifo havikuwa vichache kuliko katika vituo vingine 60. Karatasi haileti damu ya kuongezewa, wala gari la kumpeleka mama hospitali. Basi tukikaa na CODESA tuulize karatasi, na papo hapo tuulize maji, sabuni, dawa na gari.

Karatasi yenyewe inataka mama awe na mtu kando yake. Mama mkwe, dada, jirani, yeyote anayemsindikiza, amwite mkunga mara moja akiona damu inatoka, tumbo au kichwa kinauma sana, macho hayaoni vizuri, au mama anashindwa kukojoa. Asingoje kukuche.