Anayenunua kwa Mkebe Hulipa Zaidi

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni juu ya jambo ambalo wengi hulicheka, nalo ni kutunza mazingira nyumbani. Nilipolitaja kazini tukiwa tumepumzika kando ya njia, mzee mmoja wa genge letu aliniambia, "Kijana, hayo ni maneno ya watu wenye magari mawili. Sisi tunatafuta unga." Siku ile sikumjibu, maana ni mzee wangu. Leo namjibu kwa heshima: Mzee, hesabu ya unga na hesabu ya mazingira ni hesabu moja.

Tuanze na makaa. Mimi nakaa Njiru na mke wangu na watoto watatu katika nyumba ya kupanga. Kwa muda mrefu tulinunua makaa kwa mkebe, leo mmoja, kesho mmoja, kwa kuwa mshahara haukuruhusu gunia. Mwezi mmoja niliandika kila mkebe katika daftari. Mwezi ulipokwisha niliona ya kuwa kwa fedha zile ningalinunua gunia zima na kubaki na nauli. Ndivyo ilivyo: mwenye fedha kidogo ndiye anayeuziwa ghali. Tena kilo moja ya makaa katika tanuri la udongo huteketeza kilo tano hata kumi za kuni. Mkebe ule unakausha mfuko wangu huku mjini, na unakausha nchi ya ndugu zetu huko shamba.

Sisi watu wa reli tusilione jambo hili kuwa geni. Magari moshi ya kwanza ya reli yetu yalikula kuni, na mwaka wa 1902 mikalitusi ililetwa nchini ipandwe ili kuni zisikome. Mkoloni naye alijua kwamba anayechoma bila kupanda atakwama njiani.

Sasa nikiri kosa langu. Kila jioni nilikuwa nikiwasha jiko kwa kipande cha plastiki, kwa kuwa hushika moto upesi. Mtoto wetu wa mwisho akawa anakohoa usiku kucha. Tulipompeleka kliniki, mwuguzi hakuanza na dawa. Aliuliza, "Nyumbani mnachoma nini?" Mke wangu akanitazama, nami nikatazama chini. Tangu siku ile plastiki haiingii jikoni kwetu, na jiko huwashwa nje, maana makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini.

Yafuatayo tumeyafanya, na hayakutaka mshahara mkubwa. Tulinunua jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Linakula makaa kidogo sana kuliko jiko la bati tupu. Maharagwe tunayaloweka usiku, tunayachemsha kwa nguvu kama nusu saa, kisha sufuria yenye kifuniko inawekwa katika kikapu kilichojazwa blanketi kuukuu, ikafunikwa vizuri. Yanaendelea kuiva yenyewe bila moto, na mama watoto anapata nafasi ya kupumzika.

Maji nayo yana hesabu yake. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya bati la mita 20 za mraba ni lita 20, yaani mtungi mmoja kamili. Mwezi wa Aprili Nairobi kwa kawaida hupata zaidi ya milimita 100. Hiyo ni mitungi mia moja inayopita mlangoni kwako kwenda mtaroni, na kesho yake unamwita mwenye mkokoteni! Wapangaji wa ploti yetu tulichanga tukanunua mfereji wa bati na tangi. Mwenye nyumba alikataa kutoa hata senti, lakini hakutuzuia. Maji hayo ni ya kufua na kuosha, wala si ya kunywa bila kuchemshwa.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi masikini ajibane peke yake huku wakubwa wakichafua. Jaa la Dandora lilifunguliwa miaka ya 1970, na mwaka wa 2001 likatangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayakukoma. Mto Nairobi hupita kando yake kabla ya kufika kwetu Njiru. Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa ya watoto 328 wa karibu na jaa hilo waliopimwa, na nusu yao damu yao ilikuwa na madini ya risasi kwa kiasi cha hatari. Hakuna kikapu cha maharagwe kitakachoponya hayo. Na gesi? Mwaka wa 2021 ilirudishiwa kodi ya asilimia 16, nami ni mmoja wa waliorudi kwenye makaa. Kodi hiyo ikashushwa kuwa asilimia 8 mwaka wa 2022, ikaondolewa mwaka wa 2023. Hayo si mambo ya jikoni. Ni mambo ya Bunge na Kaunti, na huko mtu mmoja hasikiki.

Kwa hivyo naomba chama chetu mambo matatu. Kwanza, tuombe ushirika wetu wa akiba na mikopo utoe mkopo mdogo wa jiko, mtungi wa gesi na tangi, ukatwe kidogo kidogo katika mshahara. Pili, kila tawi linunue kwa jumla, ili tuache kulipa bei ya mkebe. Tatu, viongozi wetu waingize jaa, mto na kodi ya gesi katika madai yao, kama wanavyodai nyongeza ya mshahara. Nyongeza ya mshahara inayoishia kwa mwenye makaa na kliniki si nyongeza.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mzee wangu wa genge, nangoja jibu lako katika toleo lijalo.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanyakazi wa Njia, Njiru