Posa Siku ya Mpira

Katika nchi ya Gusii, msichana atakaye kuolewa hana budi kuuliza mambo matatu juu ya mchumba wake: ukoo wake, shamba lake, na Jumapili zake. Mambo mawili ya kwanza huulizwa na wazee. La tatu husahauliwa, na hilo ndilo lililotaka kuvunja posa ya karani mmoja wa kiwanda cha chai upande wa Nyamira na mwalimu mmoja wa kike wa karibu na Keroka. Majina yao hayatatajwa, kwa sababu wazee wa pande mbili bado wanahesabiana ng'ombe.

Karani huyo ni mtu wa Shabana. Timu hii ilianzishwa mjini Kisii mwaka 1980, na wapenzi wake hujiita Tore Bobe. Mwaka 2006 iliteremka kutoka ligi kuu ya Kenya, na haikurudi mpaka mwaka 2023. Hiyo ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ilipoteremka alikuwa amekwisha kuota ndevu, na mchumba mwenyewe, aliyekuwa akivaa kaptura ya shule, alikuwa sasa na mshahara na kitanda cha mbao. Timu iliporudi, uwanja wa Gusii, ambao ulikuwa umetengenezwa upya kwa sherehe za Mashujaa za Oktoba 2020, ulijaa watu kama soko. Karani hakukosa mchezo hata mmoja wa nyumbani.

Lakini alikosa mambo mengine. Siku mwalimu alipopokea cheti chake cha juu, mchumba alikuwa uwanjani. Siku mama yake mwalimu alipolazwa hospitali, mchumba alifika jioni, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, akamwamkia mgonjwa kwa ishara ya mkono. Mama alicheka. Binti hakucheka.

"Sikutaki uache timu yako," alimwambia njiani. "Nataka siku moja tu nijue kwamba nikikuita utakuja, pasipo kutazama kwanza ratiba."

Karani aliapa. Siku ya posa ikawekwa, Jumapili, saa nane. Baada ya wiki mbili ratiba ikatoka: Shabana watakuwa nyumbani Jumapili hiyo hiyo, saa tisa, na wageni kutoka Nairobi.

Jambo hili si la Gusii peke yake. Mwingereza mmoja, Nick Hornby, aliandika kitabu mwaka 1992 juu ya mapenzi yake kwa timu ya Arsenal, na Wamarekani walipokitengenezea sinema yao, iliyotoka mwaka 2005, wakaweka mahali pa Arsenal timu ya besiboli ya Boston, ambayo ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu mwaka 1918. Sinema ikiwa bado mikononi mwa mafundi, timu ile ikatwaa ubingwa wa mwaka 2004, na mwisho wa hadithi ukabidi kubadilishwa. Ndivyo zilivyo timu za kupendwa. Huvumilia miaka themanini na sita ya kushindwa, kisha hushinda siku ambayo mtu ana shughuli nyingine.

Karani, kwa sifa yake, hakutafuta hila ya kuahirisha. Alivaa suti, akaongozana na baba yake mdogo, shangazi, na mshenga, ambaye Wagusii humwita esigani. Hata hivyo walichelewa, maana magari yote ya abiria yalikuwa yakielekea Kisii mjini yamejaa vijana wenye jezi, na la kwenda Keroka halikuonekana kwa muda wa saa nzima.

Baba yake binti aliwapokea mlangoni. Mzee huyu hapendi mpira. Alikuwa mvulana mwaka 1968 wakati Naftali Temu, mtu wa pande za Nyamira, alipoipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 kule Mexico. Na tangu siku ile, mchezo kwake ni mbio tu. Mpira anauita watu ishirini na wawili wanaonyang'anyana ngozi moja.

"Nyandika Maiyoro naye alichelewa kule Madagaska mwaka 1953," alisema mzee, "wenzake wakawa wamekwisha kuondoka. Lakini yeye alishinda. Karibuni, tuwaone ninyi."

Wakakaa. Wazee walianza polepole, kama desturi, kwa habari za mvua na bei ya majani ya chai. Karani alikaa pembeni, kimya, kwa kuwa kijana hana neno katika kikao hicho. Kichwa chake alikiegemeza juu ya kiganja cha kushoto kama mtu mwenye huzuni, na shangazi akamwonea huruma. Hakujua kwamba ndani ya mkono wa koti ulipita waya mwembamba, kutoka simu iliyokuwa mfukoni hadi sikioni.

Upande wa kijana walitaja ng'ombe sita. Upande wa binti walitaja kumi na wawili. Esigani, fundi wa kazi yake, aliwashusha taratibu, kwa mzaha na kwa methali, akawa karibu kabisa kufika saba. Mzee akanyoosha mgongo, akasema neno lake la mwisho:

"Kumi."

Kimya kikaingia. Baba mdogo akafungua kinywa ili akatae. Wakati huo huo, kule Kisii, mpira ukatikisa wavu.

"Naam! Naam! Ndiyo hiyo!" Karani alikuwa wima, mikono juu.

"Kijana amesema," alisema mzee, kwa mshangao na furaha.

Baba mdogo alimtazama mwana wa ndugu yake kama atazamavyo mtu nyumba inayoungua. Na hapo ndipo binti alipoingia na sinia ya chai, akauona waya unaning'inia kwenye kola. Neno moja tu lingetosha. Baba yake angesimama, wageni wangerudi walikotoka bila chai, na posa ingekuwa imekwisha. Aliweka sinia. Akapita nyuma ya mchumba wake, akauvuta waya, akauficha ndani ya kiganja.

"Ni furaha, Tata," akasema.

Aliyomwambia karani baadaye, nyuma ya jiko, hayakusikiwa na mtu, lakini karani alirudi amenyong'onyea. Kumi wakabaki kumi. Ndama wa mwisho kupelekwa, wa ng'ombe wa maziwa wa kizungu, amepewa na binti mwenyewe jina la Bao.

Kwa siku ya harusi, mwalimu aliishika ratiba kwa mkono wake mwenyewe, akachagua Jumamosi isiyokuwa na mchezo. Kadi zikachapwa. Kisha wakuu wa ligi wakageuza tarehe. Karani alikwenda hadi lango la shule kuleta habari, akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nyumbani au ugenini?" aliuliza mwalimu.

"Nyumbani."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

Alifikiri kidogo. "Basi kanisani tutaingia saa moja asubuhi, na chakula kitaliwa saa nne. Nami nitafutie jezi. Lakini Tata asijue."

Mzee amekwisha kuuliza mara mbili tangu lini watu huoana wakati wa kukamua.